Draya haina jina linalosomeka na inachukua mizunguko mitatu kukausha, naijuaje ni ya kampuni gani na naitunzaje?

MamaTanga_Ohio

Habari zenu ndugu zangu, naombeni msaada kwa anayejua haya mambo ya draya, ile mashine ya kukaushia nguo. Tulihamia nyumba yetu hapa Columbus, Ohio mwezi wa tisa, aliyetuuzia akatuachia mashine ya kufulia na draya kule chini besmenti, tukamshukuru Mungu maana hela yote ilikuwa imeishia kwenye nyumba. Mwanzoni ilikuwa inakausha vizuri tu, unaweka nguo baada ya saa moja unatoa zimekauka. Sasa kama mwezi na nusu hivi umepita nikizungusha mara moja nakuta taulo za moto ila mbichi, nazungusha tena bado, mara ya tatu ndo angalau, na hapo jinzi za watoto kiunoni na mifukoni bado zina unyevu.

Juu ya mashine pamekuwa pa moto kuliko zamani, na chumba kile kinajaa joto la jasho kama jiko unapochemsha mihogo, kidirisha cha besmenti kinatiririka maji kwa ndani.

Tatizo la pili siijui ni draya gani. Jina la mbele limefutika imebaki alama ya gundi tu. Ni nyeupe, mlango wake unafunguka kwa kushuka chini, na filta haiko mlangoni, iko juu ya mashine unaivuta kwenda juu kama droo. Nyuma ina waya mnene wenye plagi kubwa ya miguu mitatu. Mume wangu anasema tuagize elementi mpya, kile kifaa cha ndani kinachopasha joto, mtandaoni tubadilishe wenyewe, mimi nikamwambia tutaagizaje kifaa cha mashine ambayo ata jina hatulijui. Jirani yeye anasema tupa nunua mpya. Nyumbani Tanga nilizoea kamba na pasi, lakini hapa sasa hivi nje ni theluji na nina watoto watatu, wa mwisho bado yuko kwenye nepi za kitambaa. Naijuaje hii mashine, naitunzaje, na je ni hatari kuendelea kuitumia hivi hivi?

FundiWaHouston

Dada hongera kwa nyumba na pole kwa usumbufu. Natengeneza mashine za majumbani huku Texas mwaka wa 11 sasa, ngoja nianze na swali lako la mwisho maana ndo kubwa kuliko yote: usiiwashe tena mpaka usafishe njia ya hewa. Nguo za moto lakini mbichi, mashine yenyewe ya moto juu, dirisha linatoka jasho, hayo matatu yakikutana hewa haitoki nje. Na mwambie shemeji asiagize elementi, iko hai, ingekuwa imekufa taulo zingetoka baridi.

Draya inavyofanya kazi ni rahisi sana. Inavuta hewa ya humo chumbani, inaipitisha kwenye elementi inapata moto, inaingia kwenye dramu, lile pipa linalozungusha nguo, inapokea maji kutoka kwenye nguo, alafu feni inaisukuma kwenye bomba mpaka nje ya nyumba. Bomba likiziba ile hewa iliyoshiba maji haina pa kwenda, inakuwa kama umeanika nguo ndani ya sufuria lenye mfuniko. Watu wengi wanadhani joto ndo linakausha, joto peke yake halikaushi, kinachokausha ni hewa kuondoka na yale maji.

Hatari ipo ya kweli. Takwimu za serikali ya huku, idara ya zimamoto ya taifa, za 2008 hadi 2010 zilionyesha moto wa draya majumbani kama 2,900 kila mwaka, na chanzo kilichoongoza, asilimia 34, ni kutosafisha. Yale manyoya ya nguo yanayobaki kwenye filta ni pamba kavu iliyochambuka, chukua kidogo uwashe kiberiti nje uone yanavyoshika.

Sasa kuitambua. Jina la mbele usihangaike nalo ata lingekuwepo. Fungua mlango, washa tochi ya simu, chungulia kwenye fremu ambayo mlango unafungia, pembeni zote mbili na chini, na upande wa ndani wa mlango wenyewe. Kuna stika au kibati kidogo chenye namba ya modeli, seriali namba, volti na ampia. Kama kimechafuka futa na kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, usikwangue. Piga picha uhifadhi kwenye simu, namba ya modeli ndo kila kitu, ukienda duka la spea au ukatafuta mtandaoni hawataki kujua rangi wala umri wanataka hiyo namba.

Mimi kwa maelezo yako tu, filta ya kuvuta juu kama droo, naona ni kazi ya Whirlpool. Huo ndo muundo wao wa miaka mingi, na waliuuza kwa majina mengi, Whirlpool yenyewe, Roper, Estate, na Kenmore iliyokuwa inauzwa na maduka ya Sears. Sears hawakuwa na kiwanda cha draya, walikuwa wanatengenezewa na kampuni zingine wanabandika jina la Kenmore. Kwahiyo ukikuta namba inaanza na tarakimu tatu alafu nukta, hizo tatu zinakuambia aliyetengeneza. 110 ni Whirlpool, 417 ni Frigidaire, 796 ni LG. Lete namba tuone.

Plagi kubwa hivyo ya miguu mitatu maana yake ni ya umeme siyo ya gesi, inatumia volti 240 kwenye breka ya ampia 30. Nyumba zilizojengwa baada ya kanuni za umeme za 1996 zinatakiwa soketi ya miguu minne, yako ni ya zamani. Na hapa kuna kitu nimeona kikiwapotezea watu hela: breka ya draya ni mbili zimeunganishwa, mota ya kuzungusha dramu inatumia 120 na elementi inatumia 240. Upande mmoja ukikatika dramu inazunguka kama kawaida ila baridi kabisa, watu wanabadilisha elementi, wanabadilisha kila kitu, kumbe ilikuwa ni kwenda kwenye boksi la breka kuizima mpaka mwisho na kuiwasha tena. Siyo kesi yako dada lakini kwa wengine wanaosoma.

BintiLeeds

Naongezea kuhusu umuhimu wa hiyo namba ya modeli. Huku Uingereza mwezi wa 11 mwaka 2015 Whirlpool ilitangaza kwamba draya zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, za majina kama Hotpoint, Indesit na Creda, zina tatizo manyoya yanaweza kugusa elementi na kushika moto, na mwaka 2019 ikafikia zikatakiwa kurudishwa kabisa. Mimi ya kwangu niliipewa na shangazi alipohamia Birmingham, nilikaa nayo miaka miwili siijui modeli yake mpaka rafiki yangu kazini akanitumia ujumbe angalia mlango. Jioni ile ile nilipiga magoti na tochi. Haikuwemo kwenye orodha, lakini nililala usingizi tofauti. Zile za Marekani ni muundo mwingine, ila ukishapata namba yako dada iingize kwenye tovuti ya usalama wa bidhaa ya huko uone kama imewahi kuitwa irudishwe kwa sababu ya hatari.

MamaTanga_Ohio

Asanteni sana jamani. Fundi umejuaje?? Stika nimeikuta upande wa kushoto chini ya fremu, imeanza 110 alafu nukta, alafu 6 na namba zingine. Chini imeandikwa 120/240V 60Hz. Kwahiyo ni Kenmore ya Whirlpool.

Sasa hilo bomba nimechungulia nyuma, ni la foili, lile linalojikunja kama kinanda cha kuvuta, refu linapanda juu ukutani linakunja kwenye dari linatokea upande wa bustani. Naanzia wapi?

FundiWaHouston

Chomoa plagi kwanza, siyo kuzima tu, chomoa. Alafu wewe na shemeji mvute mashine mbele taratibu msikanyagie bomba. Legeza kile kibano kinachoshika bomba nyuma ya draya kwa bisibisi. Hilo la foili ukishalitoa usilirudishe. Yale mikunjo ndani ndo yanashika manyoya, na likikandamizwa na mashine linabonyea kabisa. Nunua bomba la bati gumu la kipenyo cha inchi 4, laini kwa ndani, na vipande vya kona. Maungio yafunge na tepe ya foili ya alumini, usitumie ile tepe ya kitambaa ya kijivu, joto linaharibu gundi yake, na usipige skrubu kupenyeza ndani maana ncha ya skrubu inashika manyoya siku ya kwanza tu.

Urefu pia ni kitu. Kanuni za ujenzi za nyumba zinasema bomba lisizidi futi 35, na kila kona ya nyuzi 90 unatoa futi 5. Kwahiyo kona tatu umebaki na futi 20, watu hawalijui hili wanapitisha bomba kona kona kama nyoka alafu wanalaumu mashine.

Ukishaondoa bomba ingiza mkono pale nyuma ya draya linapotokea tundu, toa manyoya, piga vakyumu. Vua filta, piga vakyumu pia kwenye lile shimo lake, kuna vitu vinadondokea mle. Alafu toka nje, angalia kile kifuniko cha ukutani kinachofunguka hewa ikitoka. Kifunguke chenyewe kwa urahisi. Kama mtu ameweka wavu kuzuia ndege toa huo wavu, manyoya yanaganda pale yanakuwa ukuta.

Na fanyia filta yako jaribio hili: itoe manyoya yote mpaka macho yako yaone safi, alafu iweke chini ya bomba la maji jikoni. Maji yakipita moja kwa moja sawa. Yakituama juu kama kwenye bakuli ujue imejaa nta ya zile karatasi za manukato za kulainishia nguo. Sugua na brashi ya meno iliyochoka na sabuni ya vyombo, suuza, kausha kabisa ndo urudishe.

SalimMinneapolis

Niongezee kwa wenye za gesi maana hapa Minnesota ziko nyingi. Utaijua kwa nyuma kuna bomba la gesi lenye valvu, na plagi yake ni ndogo ya kawaida. Hizi kuziba kwa njia ya hewa siyo tu nguo mbichi, moshi wa gesi unarudi ndani, ile kaboni monoksidi haina harufu haina rangi. Mjomba wangu baridi ya mwaka juzi aliona joto lote linapotea nje akachomoa bomba akaelekeza humo ndani apate kupasha besmenti, alamu ya kaboni monoksidi ilianza kulia usiku saa nane watoto wamelala. Walitoka na mablanketi kwenye theluji mpaka zimamoto wakaja kupima. Wazima wote alhamdulillah, lakini nikisikia mtu anasema "joto lisipotee" moyo unanienda mbio. Draya ya gesi lazima itoe nje, na kila ghorofa mnayolala wekeni alamu ya kaboni monoksidi, na mbonyeze kitufe cha kupima kila mwezi.

Njeri_wa_Umoja

Sasa mimi niko Nairobi, mnisamehe kuingilia, lakini hii mada imenigusa kwa sababu ya Julai yetu hapa, nguo inakaa kwa kamba siku tatu na inanuka. Dadangu yuko Dallas anataka kuniwekea draya yake ya zamani kwa kontena. Inaweza fanya kazi huku?

FundiWaHouston

Njeri mwambie dada asihangaike. Tazama alichoandika MamaTanga hapo juu, 120/240V 60Hz. Nyumba za huku zina waya mbili za moto na nyutro katikati, ndo maana mota inapata 120 na elementi inapata 240 kwenye plagi moja. Kenya mna 240 na Tanzania 230, zote za hezi 50 (hiyo Hz, mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde), waya moja ya moto na nyutro, ile 120 ya mota haipo. Transfoma inashusha volti ila haibadilishi hezi, na kwa mzigo wa zaidi ya wati 5,000 hiyo transfoma yenyewe ni mzigo wa kontena. Ya kutoka Uingereza ndo inakubali, volti 230 hezi 50 na plagi ile ile ya miguu mitatu ya mraba.

BintiLeeds

Njeri, na ukichukua ya huku tafuta ya kondensa au ya pampu joto, hizo hazihitaji bomba la kutoa nje. Unyevu unageuka maji unaingia kwenye tangi dogo unalivuta unamwaga. Ya pampu joto ndo nafuu ya stima, inatumia umeme chini ya nusu ya hizi za kawaida maana joto linazungushwa badala ya kutupwa, ila inakausha polepole, usishangae saa mbili na zaidi. Kuitunza ni kumwaga tangi kila mara, kusafisha filta zote mbili, na ile kondensa ya chini kuitoa angalau mara moja kwa mwezi kuisuuza kama ya kwako inatoka, zingine haitoki unaifyonza vumbi kwa brashi laini. Usikwangue mapezi yake kwa kitu kigumu, ni membamba yanalala.

Njeri_wa_Umoja

Asanteni wapendwa, mmeniokolea pesa ya kontena. Nimemtumia dadangu hii yote asome.

MamaTanga_Ohio

Jamani nimerudi, mume wangu na mimi tumeshinda besmenti jumamosi nzima. Lile bomba la foili lilipotoka ukutani lilikuwa zito, nilidhani lina maji, na kweli lilikuwa na maji. Kwenye ule mkunjo wa chini kulikuwa na manyoya ya kijivu yameloa yamegandamana kama pamba ya mto uliomwagikiwa chai, nimejaza mfuko mzima wa sokoni. Ukiyachana ndani unaona matabaka, kijivu, bluu ya jinzi, alafu rangi ya chungwa, hiyo naijua ni kanga yangu mpya ya harusi ya wifi niliyoifua mwezi wa kumi na moja. Na chini ya hayo yetu kuna mengine mengi meupe makavu ya waliokaa kabla yetu. Nje kile kifuniko kilikuwa hakifunguki zaidi ya kidole, kimeshikwa na majani makavu ya kiota na manyoya juu yake barafu.

Filta nayo nimeijaribu kwenye sinki. Maji yalituama kabisa Fundi, nikaiinamisha ata hayakumwagika upande wa pili, nilikaa nayo pale nimeduwaa maana kila siku naifuta manyoya na naiona safi. Nimesugua mara mbili ndo ikapitisha.

Tumeweka bati gumu, kona mbili tu. Nikaweka taulo zile zile sita, nikaweka saa. Dakika 45 zimekauka mpaka pindo. Nimetoka nje kusimama kwenye theluji kuangalia kifuniko kimefunguka na mvuke unatoka, nikamwita mume wangu aje aone.

Swali moja tu limebaki, sasa kwa kuwa imetulia nasikia inapiga kelele kama panya analia, kii kii kii, ikianza baridi, ikipata moto inapungua. Na zile karatasi za manukato niache?

FundiWaHouston

Safi sana dada, mmefanya kazi ya fundi. Karatasi unaweza kutumia kidogo kidogo ila filta ioshe na sabuni kila baada ya miezi michache, na kama ndani ya dramu karibu na tundu la filta unaona vipande viwili vya chuma vimelala sambamba, hizo ni sensa za unyevu, zifute na pamba yenye spiriti, nta ikizifunika mashine inazima mapema inadhani nguo zimekauka. Kwenye nepi zako za kitambaa acha kabisa, hiyo nta inazifanya zisinyonye mkojo.

Kitu kingine ambacho sijakisema, vitambaa vya jikoni vilivyopangusia mafuta ya kupikia na taulo zenye mafuta ya nazi, hizo ata ukifua mafuta hayaishi yote. Zikikaushwa zikarundikwa za moto kwenye tenga zinaweza kujipandisha joto zenyewe mpaka zikaungua. Ziache mpaka ule mzunguko wa mwisho wa hewa baridi uishe, uzitandaze zipoe ndo ukunje, au hizo kwa kweli anika.

Hiyo kii kii ni magurudumu mawili ya nyuma yanayobeba dramu au ile puli ndogo inayokaza mkanda, mpira umekauka. Siyo hatari ya leo, ila ukiiacha mkanda unakatika, utasikia mota inaunguruma na dramu imesimama. Agiza seti nzima kwa hiyo namba yako ya 110, mkanda, magurudumu na puli kwa pamoja, maana kuifungua mashine ndo kazi, ukishaifungua badilisha vyote. Siku ikigoma kuwaka kabisa usikimbilie mota, nyuma kwenye nyumba ya feni kuna fyuzi ndogo ya joto, ikishakatika haijirudishi, unaipima na multimita, kile kipimo cha umeme. Ikiwa imekatika ujue bomba limeanza kuziba tena.

Mkishapata hizo spea nitumieni picha ya ndani kabla shemeji hajatoa mkanda, namna unavyopita kwenye ile puli inawachanganya wengi, nitawachorea.

MamaTanga_Ohio

Ameshaagiza, zinafika alhamisi. Nitakutumia picha Fundi, ubarikiwe.